Mama mwenye fani naye ana saa zake za kazi



Wasomaji wapenzi wa ukurasa huu, leo tuzungumze juu ya mama mwenye fani mikononi: anayeshona, anayedarizi, anayepaka hina, anayebuni mishono ya mabuibui na magauni, anayechora au anayeandika. Mama huyu amebeba mambo matatu kwa wakati mmoja. Ana watoto wanaomhitaji. Ana kazi inayotaka akili iliyotulia na mkono usio na haraka. Tena ana mwili na nafsi yake, ambavyo navyo vina haki juu yake: apumzike, aoge kwa utulivu, avae akapendeza.

Mara tu anapojifungua, maswali huanza kumiminika. Ataacha lini hiyo kazi? Watoto atamwachia nani? Mbona siku hizi hajipendi? Au, akijipenda, mbona amejipamba na ana mtoto mchanga? Mumewe akiwa seremala, hakuna anayemuuliza namna anavyochanganya randa na ubaba. Mke ndiye anayetakiwa kutoa jibu, na mara nyingi hulitoa kwa kukata usingizi wake, saa moja leo na saa mbili kesho, mpaka siha inapomtoka au fani inapokufa.

Makala haya yanakusudia kuonesha kuwa mizani hii haikuwekwa juu ya kichwa cha mama peke yake. Ni jambo la nyumba nzima, na dini yetu imetupa njia ya kulikalia.

Fani si ugeni kwa mwanamke Muislamu

Kwanza tuondoe dhana kwamba mama mwenye fani ni zao la zama hizi. Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mwanamke wa kazi za mikono. Alitengeneza ngozi na kuzishona, na alichokipata alikitoa sadaka. Mtume (s.a.w.) alipowaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata baada ya kufa kwake ni mwenye mkono mrefu zaidi, walikuwa wakipimana mikono. Bibi Zaynab alipotangulia kufariki ndipo walipofahamu kuwa urefu uliokusudiwa ni wa kutoa.

Yupo pia mke wa Abdullah bin Mas'ud (r.a.), aliyekuwa na ufundi wa mikono na kuwahudumia mumewe na watoto waliokuwa chini ya ulezi wake. Ikamwingia hofu kwamba watu wa nyumbani mwake wanammalizia pato lake, hata asibakiwe na cha kutoa sadaka. Akaenda kuuliza mlangoni kwa Mtume (s.a.w.), na jibu likamtuliza: ana malipo mawili, ya kuunga udugu na ya sadaka. Ndugu msomaji, zingatia kwamba hakukemewa kwa kuwa na kazi, wala hakuambiwa kuwa alichokitumia kwa watoto kimepotea.

Katika pwani yetu, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu katika kisiwa cha Pate, alitunga utenzi wake mashuhuri mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa. Aliutunga kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, na ndani yake mna mafunzo ya dini, ya adabu, na hata ya kujipamba kwa mke nyumbani mwake. Mama yule hakuukimbia umama ili apate kuwa mshairi. Umama ndio uliompa la kusema, na leo, zaidi ya miaka 160 baadaye, kazi yake ni miongoni mwa nguzo za fasihi ya Kiswahili.

Tusisahau na wale ambao majina yao hayakuandikwa: akina bibi wa Unguja, Pemba na Lamu waliokaa barazani ndani ya nyua zao wakidarizi kofia. Kofia moja ya mkono ina vitundu vidogo visivyohesabika, na kila kimoja hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano. Kofia nzuri huchukua wiki kadhaa, na nyingine miezi. Wengi wa wazee wetu walisoma chuoni kwa pesa ya kofia kama hizo, na mama zao wakiwaangalia huku sindano ikienda.

Kazi isiyoonekana

Ikiwa fani hii ina asili ndefu kiasi hicho, kwa nini mama wa leo anaelemewa? Sababu kubwa ni kwamba kazi inayofanyika nyumbani haihesabiwi kuwa ni kazi. Mama akitoka saa 2 asubuhi kwenda ofisini, kila mtu anajua yuko kazini. Akiwa amekaa mbele ya cherehani sebuleni, anaonekana yupo tu. Jirani anamwachia mtoto wake. Wifi anapita kupiga soga. Mgeni anakuja bila taarifa, na chai inatakiwa. Mume anapiga simu kumtaka amtafutie karatasi kabatini. Kila jambo ni dogo, lakini mkono ulioachishwa nakshi mara kumi hauwezi kurudi mara kumi katika mstari ule ule.

Kazi yake nayo ina misimu yake. Mwezi wa Shaabani harusi hubanana kwa kuwa wengi hawaozi ndani ya Ramadhani. Ramadhani ikiingia, oda za Idi humiminika, nayo ni miezi ile ile ambayo jikoni kunahitaji mtu, watoto wanafundishwa kufunga, na mama mwenyewe anatamani apate japo juzuu moja ya Qur'ani kwa siku. Kwa hivyo uzito wa kazi humwangukia katika wakati mtukufu kuliko wote wa mwaka.

Tazama na malipo. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Buibui moja la nakshi ya mkono: kitambaa shilingi 35,000, uzi na shanga shilingi 12,000, umeme na nauli shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 52,000. Mteja analipa 70,000 na bado anaomba apunguziwe kwa kuwa wao ni majirani. Mama amebakiwa na 18,000. Kukata na kushona kumemchukua saa 5, na nakshi saa 13. Saa moja ya macho yake na mgongo wake imeuzwa shilingi 1,000. Asipoiandika hesabu hii kwenye daftari, atadhani anapata faida, kumbe anagawa usingizi wake.

Aidha, mwajiriwa ana kinga ambayo mama huyu hana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Arudipo kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Fundi wa nyumbani hana mwajiri wa kumpa siku hizo. Akiwa bado ndani ya arobaini yake, simu inalia: gauni langu limefikia wapi?

Basi mwajiri wake ni nani? Ni yeye mwenyewe pamoja na watu wa nyumba yake. Wao ndio wanaoweza kumpa likizo au kumnyima.

Sala iliyofupishwa

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia katika sala akiwa na nia ya kuirefusha, kisha akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha, kwa kuchelea kumtaabisha mama yake.

Hebu tuliangalie jambo hili vizuri. Mama yule alikuwa msikitini, katika safu, na mtoto wake alikuwa karibu naye. Mtoto alipolia, Mtume (s.a.w.) hakuagiza kwamba wenye watoto wabaki majumbani. Aliyebadilisha mwendo ni imamu, na jamaa nzima nyuma yake ikabadilika pamoja naye. Sala ambayo ni nguzo ya dini ilikadiriwa kwa kuzingatia hali ya mama mmoja na mtoto mmoja.

Ikiwa sala imefupishwa, gauni la harusi haliwezi kusubiri siku mbili? Na ikiwa jamaa nzima ya Madina ilibadilisha mwendo, je, nyumba ya watu watano haiwezi kupanga saa zake ili mama atimize wajibu wake kwa watoto na kwa kazi yake?

Qur'ani nayo imetupa njia. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Allah (s.w.) ametaja kunyonyesha kwa miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, akaweka chakula na mavazi ya mama juu ya baba, kisha akasema kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda huo, liwe kwa kuridhiana na kushauriana. Jambo la ziwa la mama, lililo ndani ya mwili wake mwenyewe, limefanywa kuwa la shura baina ya wawili. Basi saa za cherehani, zamu ya kumbembeleza mtoto na kiasi cha oda za mwezi vina haki zaidi ya kukaliwa kikao.

Kikao cha nyumba

Kikao hicho kifanyike kabla ya msimu, si katikati yake. Mwezi wa Rajabu ni wakati mzuri wa kuzungumzia Shaabani na Ramadhani. Mume na mke wakae na daftari, na mambo manne yaamuliwe.

La kwanza ni saa. Mama achague saa zake mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mtoto wake hulala lini. Wengi hupata utulivu baina ya sala ya Alfajiri na kuamka kwa watoto, na tena mchana mtoto anapolala. Saa mbili zisizokatizwa zina baraka kuliko saa sita za kushtukiwa. Saa hizo zikishatajwa, zitangazwe kwa watu wa nyumbani na kwa majirani, na ziheshimiwe kama anavyoheshimiwa mtu aliyetoka kwenda kazini. Na saa za watoto nazo zikifika, cherehani lifunikwe na simu iwekwe mbali. Mtoto hujua haraka mno pale ambapo macho ya mama yako kwake na akili iko kwa mteja.

La pili ni pahali. Hata kona ya chumba yatosha, mradi iwe na mlango au pazia na rafu ya juu. Sindano, mikasi na pasi ya moto havina urafiki na mtoto anayetambaa, na shanga moja yaweza kumkaba koo. Nyumba ambayo kazi imetengewa pahali pake hupumua. Vitambaa vikiwa juu ya kila kiti, mama hujiona yuko kazini hata anapolisha.

La tatu ni idadi na bei. Kila oda ni ahadi, na ahadi ni deni. Dini yetu imehesabu kuvunja ahadi katika alama za unafiki, kwa hiyo fundi anayepokea nguo 20 hali akijua anaweza 12 anaihatarisha dini yake pamoja na usingizi wake. Aseme mapema: zimejaa, karibu baada ya Idi. Na bei ihesabu saa zake. Sisi wateja nasi tumche Mungu. Tusimwombe mama jirani atushonee kwa bei ya ujirani, kisha kwenye duka la mjini tukalipa bila kuuliza.

La nne ni pato. Suratun Nisaa, aya ya 32, imeweka wazi kwamba wanawake wana fungu katika walichokichuma. Nafaka, kodi na ada za watoto ni juu ya baba. Mama akisaidia ni ihsani, na ana malipo yake kama tulivyoona kwa mke wa Ibn Mas'ud. Ila lisiwe jambo linaloingia kimyakimya, leo unga, kesho ada, mpaka baba anakaa akisubiri cherehani limlipie wajibu wake.

Mama na mavazi yake

Tumwangalie sasa mama mwenyewe na anavyovaa. Jambo hili wengi hulidharau, lakini kwa mwanamke wa fani lina uzito, kwani mavazi yake ni kibao cha duka lake na pia ni sura yake mbele ya watoto.

Katika Suratul A'raf, aya ya 26, vazi limetajwa kuwa la kusitiri na la pambo, kisha likatajwa lililo bora zaidi, vazi la ucha Mungu. Sitara na pambo vimekaa pamoja katika aya moja. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya mtu anayependa nguo nzuri na viatu vizuri, alifundisha kuwa Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kudharau watu. Basi mama aliyejifungua asione haya kutaka kupendeza. Mwili wake umebadilika, na nguo za zamani huenda zisimkae. Kwa kuwa mikono ni yake, na ajishonee lililo pana, lenye mpasuo wa mbele uliofichwa kwa ajili ya kunyonyesha, la kitambaa chepesi kinachofuliwa kila siku bila kupigwa pasi. Mishono kama hiyo akina mama wengi wanaihitaji na hawaioni madukani. Umama hapo umempa fundi wazo la biashara ambalo fundi asiyelea huenda lisimjie.

Mpaka ni huu: kazi isije ikawa ndiyo inayoamua sitara yake. Halima Aden, binti wa Kisomali aliyezaliwa mwaka 1997 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya na kukulia Marekani, alipata umaarufu mkubwa katika mitindo akiwa na hijabu. Novemba 2020 alitangaza kuachana na kazi ile, akieleza kwamba hijabu yake ilikuwa ikipotoshwa kidogo kidogo, na kwamba kazi imemsogeza mbali na dini yake. Tunaweza kutofautiana juu ya njia aliyoipita, lakini alichokieleza kila fundi na kila mbunifu anakijua: mteja anavuta huku, soko linavuta kule, leo inchi moja, kesho nyingine. Mama aweke mpaka wake kabla ya kuitangaza kazi yake. Nguo yaweza kupigwa picha ikiwa imetundikwa. Na nyuso za watoto wetu zisigeuzwe matangazo ya biashara, kwani wao hawajaulizwa.

Tena tuogope israfu. Fundi anayejishonea nguo mpya kila wiki ili aonekane, huku deni la vitambaa linakua, ameacha kuvaa nguo na nguo ndizo zinazomvaa.

Baba, bibi na mama mkwe

Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Baba anayemwogesha mtoto wakati mkewe anamaliza pindo hajashuka cheo. Anafuata sunna. Jioni moja ya baba pamoja na wanawe, juu ya mkeka, ina faida kwa watoto hao kuliko kwa cherehani.

Ama mama mkwe na akina shangazi, wao wana ufunguo mkubwa kuliko wanavyodhani. Neno lao moja, "mwacheni mwenzenu amalize kazi yake, nileteeni huyo mtoto," linaweza kuokoa ndoa. Na neno lao jingine, "sisi tulizaa wanane na hatukulalamika," linaweza kumvunja mtu. Waliozaa wanane walikuwa na nyua zilizojaa dada, bibi na majirani. Binti anayelea leo katika vyumba viwili vya kupanga Dar es Salaam au Mombasa hana ua huo. Tuwe sisi ua wake.

Iko pia misimu ambayo fani hupaswa kukunjwa na kuwekwa. Mtoto mgonjwa, mimba yenye matatizo, miezi ya mwanzo baada ya kujifungua: hapo mama akipunguza oda hajashindwa. Ufundi hauozi. Mkono uliojua kudarizi utarudi kwenye sindano, lakini mtoto wa miezi mitatu harudi kuwa wa miezi mitatu. Jambo la msingi ni kwamba uamuzi huo uwe wake pamoja na mumewe, kwa kuridhiana, na siku ya kurudi itajwe, ili kupumzika kusigeuke kunyang'anywa.

Watoto wa nyumba kama hiyo hufundishwa mengi bila kuhutubiwa. Huona mama akikamilisha kazi kwa ubora, akitimiza ahadi, akisimama inapoadhiniwa, akivaa kwa heshima. Huona baba akishika sufuria. Siku moja binti ataomba sindano na kipande cha kitambaa akae pembeni ya mama yake, na mvulana atajua kuwa saa za mama zina heshima yake.

Tunamuomba Allah (s.w.) awabariki akina mama wote wenye fani, azitie nuru nyumba zao, awape waume wenye kushauriana na watoto watakaokuwa kiburudisho cha macho yao. Amin. Wabillahi tawfiq.